Msumeno wa Marehemu Baba Usipakwe Rangi

Ndugu zangu wa ukoo, na nyinyi wa koo jirani mnaopita hapa kusoma habari za wazee wetu, nakusalimuni kutoka Guangzhou, ambako nimekaa kwa mwanangu tangu baada ya Idi. Binamu yangu wa Maskati ameniandikia mara tatu kuhusu msumeno wa mnyororo wa marehemu baba. Anataka niutengeneze, niupake rangi upya, ung'ae kama siku ulipotoka kiwandani, kisha upelekwe Maskati ukatundikwe katika majlisi yake, chini ya shajara ya ukoo. Nia yake ni njema, na gharama zote ameahidi kuzibeba yeye. Nimemjibu kwamba kutengeneza nimeshatengeneza, rangi sipaki, na Maskati hauendi, angalau hauendi kabla ya watu wengine kuulizwa. Ameghadhibika. Kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kusikia upande wake, nawaomba msikie na wangu.

Msumeno wenyewe ni Stihl 070, wa petroli, wenye injini ya sentimita za ujazo 106. Ni mzigo wa zaidi ya kilo kumi kabla hujatia bapa na mnyororo. Hauna breki ya mnyororo wala mipira ya kupunguza mtikisiko. Wazee walioutumia wanajua viganja vinavyokufa ganzi usiku. Baba aliununua Tanga ukiwa umeshatumika, miaka kumi na minne baada ya kutoka Wete na sisi watoto kufuatia mageuzi ya 1964, wakati ami zetu wengine walipoelekea Ghuba. Aliubeba katika milima ya Usambara Mashariki, upande wa Muheza na Amani, na kwa msumeno huo tulilipiwa shule na chuo cha Kurani. Mimi niliyesomeshwa nao nikaishia kuwa karani wa mizigo bandarini, mtu wa kalamu na mihuri, sijapata kuangusha hata mpapai.

Nilipostaafu ndipo nilipoanza kuikusanya misumeno hii ya zamani. Leo ninayo minne: huo wa baba, McCulloch mmoja wa rangi ya manjano, Husqvarna mmoja, na mwingine ambao jina lake limefutika kabisa. Yote mitatu niliinunua Tanga kwa wauza vyuma chakavu, kwa bei ya kilo, kama wanavyouza sufuria zilizotoboka. Wajukuu wananicheka. Lakini mtu aliyekaa mezani miaka thelathini na moja akihesabu bidhaa za wengine ana haki ya kuchafua mikono uzeeni.

Wa baba nilikuja nao China sandukuni kwa vipande, tangi limeoshwa na kukaushwa hata harufu ya petroli imetoka. Sababu ni moja: vipuri vyake vipo huku. Mwanangu anakaa Xiaobei, mtaa ambao Ijumaa baada ya sala utasikia Kiswahili cha Dar es Salaam, cha Mombasa na cha Bukavu kwenye kichochoro kimoja. Kila msimu wa kuchipua na wa kupukutika majani hufanyika hapa yale maonyesho makubwa ya biashara yaliyoanza mwaka 1957, ambayo siku hizi yako Pazhou, na humo misumeno ya mnyororo hupangwa safu kwa safu. Mwanangu alinitafutia fundi mmoja mzee nje kidogo ya mji, mtu wa maneno machache. Tulielewana kwa vidole na kwa tarjuma ya mwanangu, ambaye kwenye majina ya vyuma alikuwa akishindwa kuliko sisi wawili.

Fundi aliifungua injini yote mezani. Pistoni ilikuwa na michirizi mirefu upande mmoja, alama ya petroli iliyopungukiwa na oili. Mashine za umri ule zilitaka sehemu moja ya oili kwa ishirini na tano za petroli, na bila shaka katika miaka ile ya uhaba, oili haikupatikana kila siku. Kiwambo cha kabureta kilikuwa kimekakamaa kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani. Sili za mhimili zilivuja hewa. Silinda, alhamdulillahi, ilikuwa nzima. Alikwangua kwa subira utandu wa aluminiamu ulioganda ndani yake, akapima, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba inafaa. Tulitia pistoni mpya na pete zake, viwambo vya kabureta, sili, plagi na kamba ya kuwashia. Vyote ni vya kiwanda cha hapa China. Kila kimoja nimekiandika katika daftari langu: kilichotoka, kilichoingia, tarehe na bei. Vile vya zamani vimo katika kopo, sikukitupa hata kimoja.

Binamu ameniambia kwamba kwa vipuri hivyo nimeugeuza msumeno wa baba kuwa bandia. Ni neno zito na sioni kama lina msingi. Kwanza, kampuni ya Stihl yenyewe ina kiwanda Qingdao, hapa hapa China. Anayesema «cha Kichina» hajasema bado kama ni kizuri au kibaya. Pili, yeye kila akienda upande wa Al Bustan hukipita kile chombo kilichowekwa kwenye mzunguko wa barabara, Sohar, nasi sote tunajivunia kupiga picha mbele yake. Chombo kile kilijengwa Sur kwa mbao za Malabar, kikashonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, kikang'oa nanga Maskati mwishoni mwa 1980, na mwezi Julai 1981 kikafika mji huu huu nilipo, ambao waandishi wa Kiarabu wa karne ya 9 waliuita Khanfu. Hakuna ubao wake hata mmoja uliokuwa baharini zama za Bani Abbas. Hatukiiti bandia, kwa sababu waliokijenga walisema wazi ni kipya na kimejengwaje. Nami nasema wazi pistoni ni mpya. Kibaya kingekuwa kuinyamazia.

Rangi ndiyo ingenyamazisha. Juu ya mshikio wa mbele, pale mkono wa kushoto unapokamata, rangi imelika hadi chuma kimekuwa laini kama shanga za tasbihi. Mshikio wa nyuma uliwahi kupasuka, ukafungwa kwa waya wa shaba, mizunguko kumi na saba, umekazwa na kukunjwa ncha ndani ili usichome kiganja. Binamu ananiambia waya ule ni aibu, niutoe na ninunue mshikio mpya, maana hapa unapatikana kwa fedha ya chakula cha mchana. Ni kweli unapatikana. Lakini waya ule hakuufunga baba.

Hapa inanibidi nirudi nyuma, Wete. Babu yetu, ambaye katika shajara ya Maskati ameandikwa «tajiri wa mbao», alikuwa mpasuaji. Alipasua magogo kwa ajira, kwa msumeno wa mkono wa watu wawili, gogo likiwa limelazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu ya gogo akiufuata mstari, mwingine husimama shimoni akiuvuta chini, na unga wa mbao wote humwangukia yeye, machoni na kifuani. Babu alikuwa wa juu. Wa chini alikuwa mzee mmoja kutoka bara, ambaye watoto wa mtaa mzima tulimwita Babu wa Chini, wala hatukuona ubaya wa jina lile. Walifanya kazi pamoja zaidi ya miaka ishirini. Kwenye shajara hayumo, na kwa kuwa si damu yetu sikutarajia awemo. Ila hata katika visa tunavyosimuliana humu sijapata kumwona.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani nao walianza na watu wawili. Msumeno wa kwanza wa Andreas Stihl, wa umeme, mwaka 1926, ulihitaji watu wawili kuubeba. Wa petroli ukafuata 1929, na ule wa mtu mmoja 1950. Mnyororo wenyewe haukukata vizuri mpaka Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, alipomtazama buu la mende likila mti kushoto na kulia, akatengeneza meno ya namna hiyo mwaka 1947. Kwa hiyo mashine iliyofika Usambara mikononi mwa baba ilikuwa imekwisha kumfuta yule wa pili. Ndivyo nilivyodhani.

Mwaka jana nilifungua kijaluba cha vifaa cha baba kutafuta tupa ya kunolea meno. Chini kabisa, limefungwa kwa nailoni, nikakuta daftari. Amelijaza kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, mwandiko wake ule wa kulala. Binamu yangu ambaye amekulia Maskati anazisoma herufi lakini Kiswahili kinamshinda, na wapwa zangu wa Tanga wanakisema Kiswahili lakini herufi hawazijui. Mimi kwa bahati nilichapwa viboko kwa vyote viwili. Ukurasa wa Rajabu 1398, yaani katikati ya 1978, umeandika bei ya msumeno kuwa shilingi 4,200. Chini yake mistari miwili: baba 2,100, mtoto wa Babu wa Chini 2,100. Kumbe naye alivuka kutoka Pemba, wakakutana Tanga, wakawa wenza kama wazee wao. Kurasa zinazofuata zinagawa mapato nusu kwa nusu, kila mwezi, hadi 1986. Mahali pamoja baba ameandika kwamba mwenzake ameufunga mshikio kwa waya, kazi nzuri. Kisha mwenzake anaugua, kisha amefariki, kisha hesabu zinaendelea kwa mtu mmoja.

Nimetafuta mstari unaoonyesha kwamba nusu ile ilinunuliwa au wajane na mayatima walilipwa. Nimelisoma daftari mara nne. Haupo. Baba alikuwa mwaminifu, na huenda alilipa mkono kwa mkono bila kuandika. Lakini mtu aliyeandika hadi bei ya plagi na ya ugoro, kwangu mimi karani ni vigumu kuamini kwamba jambo kubwa kama lile angeliacha wazi. Deni la maiti haliwi jepesi kwa kuwa waliobaki wamehamia mbali.

Msumeno huu si malaika pia. Uliangusha mivule na mikambaa ambayo vijukuu vyetu hawataiona, na ilipofika 1997 ambapo msitu wa Amani ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia, vilima kadhaa vilikuwa vimekwisha kuwa vipara. Nao ni mzigo wa watu wawili, ukitaka.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Msumeno si wetu peke yetu, na asiyemiliki nusu hana ruhusa ya kuifuta kwa rangi wala kuitundika ukutani kwake. Nimempata mjukuu wa Babu wa Chini, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza. Nilimpelekea picha ya ukurasa ule pamoja na nakala niliyoiandika kwa herufi za Kilatini. Alikaa siku mbili bila kujibu, kisha akanipigia akauliza ule waya wa shaba bado upo. Nikampelekea picha yake, na sauti ya injini ilivyounguruma siku fundi alipoivuta kamba mara ya sita. Hakudai kitu. Alisema atazungumza na nduguze.

Ninarudi Tanga mwezi wa Rajabu, msumeno nao kwa vipande kama ulivyokuja. Nitaupeleka Muheza kwanza na daftari lake, tusikilizane nao kama ukae huko au kwetu, na kama nusu ile italipwa ni kwa thamani gani; shilingi 2,100 za mwaka ule si za leo. Kikao cha ukoo ni wiki ya pili ya Shaabani kwa njia ya simu kama kawaida. Binamu yangu nimemwomba aje mwenyewe, nauli tutasaidiana. Mwenye pingamizi na aniandikie kabla ya hapo, na anayetaka kuusoma ukurasa wa 1398 kwa macho yake nitampelekea picha.