Dhiraa Moja kwa Kila Mche



Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni ya wanachama. Najua gazeti hili ni letu sisi wenye mikarafuu, na hapana shaka yupo atakayeuliza tungule zimeingiaje humu. Jawabu langu ni fupi. Mkarafuu una mwaka wa kuzaa na mwaka wa kupumzika, lakini tumbo halina mwaka wa kupumzika. Wazee wetu waliyajua hayo vizuri, khasa wale wa Unguja walioamka baada ya tufani ya 1872 wakaikuta mikarafuu yao imelala chini. Mwenye akili hategemei mti mmoja.

Kwa hivyo siku hizi nasikia wanachama wengi, na khasa vijana wetu, wakizungumza juu ya kujenga banda la nailoni nyuma ya nyumba, lile ambalo mabwana shamba huliita kitalu nyumba, ili kupanda tungule. Shauri hili ni zuri, nami naliunga mkono. Tungule nyingi tunazokula Unguja na Pemba huvuka bahari kutoka bara, na kila zikivuka bei nayo hupanda. Lakini banda si kitu cha rakhisi. Mtu hutoa akiba ya msimu mzima wa karafuu, au hukopa. Ndiyo maana nataka kusema neno moja kabla fedha hazijatoka mfukoni. Neno lenyewe ni nafasi baina ya mche na mche.

Sikulisoma jambo hili kitabuni. Nimeliona kwa macho yangu Mwanza, kwa mpwa wangu anayekaa upande wa Ilemela. Mwanza, kwa asiyeifika, ni mji wa mawe na vilima kusini ya Ziwa Victoria, juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Usiku ngurumo hulia juu ya ziwa, na asubuhi majani huamka yamelowa. Mvua zao ni kama zetu, za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na za masika kuanzia Machi hadi Mei. Katika miezi hiyo tungule za nje huoza kwa bakajani na bei hupanda sokoni. Mwenye banda ndiye anayevuna wakati huo. Mpwa wangu aliliona hilo, akajenga banda la upana wa mita 8 na urefu wa mita 15, juu kidogo ya kilima, kwani sheria ya mazingira ya 2004 imeuwekea ukingo wa ziwa mita 60 za kuuhifadhi.

Nilipofika, miche ilikuwa na wiki tisa. Kwa mbali ilipendeza, kijani kitupu. Nikataka kupita ndani nikashindwa. Njia zilikuwa zimezibwa na majani, na ilinilazimu niende ubavu kama mtu anayepita msikitini siku ya Idi. Nikainama, nikaona majani ya chini yote yamekuwa manjano na baadhi yana ukungu. Maua yalikuwapo mengi lakini matunda yalikuwa haba. Nikamwuliza, "Umepanda miche mingapi humu?"

"Mia tano, Mjomba. Aliyeniuzia banda alisema linachukua mia tano."

Nikamwambia, "Na yeye ndiye atakayezichuma?"

Akacheka, lakini kicheko chake hakikuwa cha furaha, maana hela ya banda ilikuwa ya mkopo.

Tukakaa chini na kalamu. Naomba wanachama wenzangu nao wachukue kalamu, maana hesabu hii haihitaji elimu kubwa. Katika upana wa mita 8 yanaingia matuta matano, kila moja la mita 1, na njia nne za sentimita 60 baina yao. Zinabaki sentimita 30 kila upande wa ukuta. Katika urefu wa mita 15, acha nusu mita mbele na nusu mita nyuma, na tuta litakuwa la mita 14. Kila tuta hubeba mistari miwili iliyoachana sentimita 60, yaani futi mbili. Basi jumla ni mistari kumi ya mita 14. Ukiacha sentimita 45 baina ya mche na mche, mstari mmoja unapata miche 31, na banda zima miche 310. Ukitaka ifike 500, ni lazima kila mstari ubebe miche 50, na nafasi itakuwa sentimita 28 tu.

Sentimita 45 ni dhiraa moja, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na kila mmoja wetu anatembea na kipimo hicho mwilini mwake. Sentimita 28 ni shubiri moja na vidole viwili vitatu. Tungule ya banda ni ya aina ndefu, hupanda juu ya kamba kuliko urefu wa mtu, na huzaa kwa miezi. Kuupa mmea wa namna hiyo shubiri moja na kidogo ni kama kuwalaza watu wawili kitanda cha mtoto.

Sasa nieleze madhara, maana mtu hafuati kanuni asiyoijua sababu yake.

Kwanza ni upepo. Tungule zilizosongana hazikauki upesi asubuhi, na bakajani na ukungu wa majani hutaka jani lililolowa. Sisi wenye karafuu tunalijua jambo hili kuliko watu wengine. Ukianika karafuu mbichi kwa tabaka nene, au ukiziacha zimerundikwa usiku, asubuhi unapata mpeta, na mpeta hauna bei. Karafuu inataka itandazwe ipate hewa. Mche wa tungule nao ni vivyo hivyo.

Pili ni maua. Ua la tungule hujichavusha lenyewe, lakini linataka litikiswe ili unga uanguke. Nje, upepo na nyuki wakubwa hufanya kazi hiyo. Ndani ya banda ni lazima mtu mwenyewe apite na kuzitikisa kamba, khasa asubuhi umande ukisha kukauka. Hewa ikiwa nzito mno, unga hugandana. Na kama njia imezibwa, nani atapita kutikisa?

Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, ni mnyauko wa bakteria. Mche hunyauka ghafla ukiwa bado kijani, na maji hayausaidii. Kata kipande cha shina ukitie katika gilasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ndio ugonjwa wenyewe. Vijidudu vyake hukaa ardhini miaka, na huhama kwa maji, kwa kisu, na kwa mizizi iliyogusana. Banda haliwezi kuhamishwa kila msimu kama konde. Mpwa wangu ulimwingilia katika wiki ya kumi, ukafuata mstari mmoja mzima, kisha wa pili, mpaka akakata tamaa akang'oa.

Nne ni gharama. Baina ya 310 na 500 pana miche 190. Kila mmoja una mbegu yake, na mbegu chotara ya banda ni ghali. Una kamba yake, mbolea yake na kazi yake ya kukata vichipukizi. Mche mkubwa huweza kunywa lita moja hadi mbili kwa siku. Tuseme moja na nusu. Miche 190 itakunywa lita 285, yaani ndoo 14 na zaidi za lita 20, kila siku ya Mungu.

Najua yapo maneno ya upande wa pili, nami sitaki kuyaficha. Wapo wasemao kuwa miche mingi katika eneo moja huzaa uzito mwingi zaidi, hata kama kila mche unazaa kidogo. Kwa kiasi fulani ni kweli. Mkulima mwenye vibarua waliofunzwa, anayeacha shina moja tu kila mche, anayekata majani ya chini kila wiki na mwenye banda refu lenye madirisha ya juu, anaweza kukaribisha miche kidogo na asipate hasara. Lakini tungule zake huwa ndogo, na sokoni tenga la tungule ndogo halilingani na tenga la kubwa. Tena mimi siandiki kwa ajili ya mkulima huyo. Naandika kwa ajili ya mwanachama mwenye banda moja nyuma ya nyumba, ambaye msimu wa karafuu ukifika atakuwa mashambani na wachumaji tangu alfajiri, na banda litabaki na mama watoto au kijana mmoja. Banda la mtu wa namna hiyo lazima liweze kuvumilia siku chache za kusahauliwa. Lililosongana halivumilii.

Nao wakazi wa ufukwe wa ziwa walimwambia mapema. Jirani yake, mama mmoja wa Kisukuma anayelima tungule nje kwa matuta na kumwagilia kwa ndoo, alipita siku ya kupanda akatazama, akauliza kama hii ni nyanya au ni mchicha. Mpwa wangu alidhani ni mzaha. Baadaye alikwenda kumwomba radhi.

Mara ya pili alipanda miche 300, kwa dhiraa. Hakupanda ardhini tena, bali katika viroba vya udongo safi alioleta kutoka mbali na banda. Sitaki kusema kwamba nafasi peke yake ndiyo iliyomwokoa. Udongo mpya nao ulifanya kazi yake. Lakini safari hiyo aliweza kupita, akatikisa maua, akaona mche mgonjwa mapema akautoa na kiroba chake kabla haujaambukiza wenziwe. Alichuma kwa wiki nyingi, na deni lake sasa linapungua.

Turudi kwetu. Visiwa vyetu viko usawa wa bahari, na joto letu la usiku ni kubwa kuliko la Mwanza. Ndani ya nailoni jua la mchana hupandisha joto mpaka maua yakaanguka. Ikiwa Mwanza, penye usiku wa baridi kidogo, miche iliyosongana ilimtia mtu hasarani, sisi tuna sababu zaidi ya kuacha nafasi. Rai yangu ni kuwa dhiraa moja iwe ndio upungufu, si wingi. Na kuta za banda ziwe za wavu, zipitishe upepo na kuwazuia wadudu, maana yule kantangaze aliyeingia nchini mwaka 2014 hana huruma na tungule.

Juu ya hayo, naomba jambo moja kwa viongozi wa Chama na kwa kila mwanachama. Akija mtu kutuuzia banda, asiulizwe tu linachukua miche mingapi. Aulizwe mtu mzima atapita wapi akiwa na ndoo mkononi. Hewa itaingia wapi na kutoka wapi. Mnyauko ukiingia, udongo utabadilishwaje. Na hesabu ya mapato aliyoiandika katika karatasi yake, ameifanya kwa miche mingapi? Kama ameifanya kwa 500 katika banda la mita 8 kwa 15, basi mapato hayo ni ya karatasi, na deni litakuwa la kweli.

Wazee walipopanda mikarafuu hawakuutazama mche ulivyo siku ile. Waliutazama mti utakavyokuwa wao wakiwa wameshazeeka, ndipo wakahesabu hatua. Mche wa tungule unazeeka kwa miezi tu, lakini siku ya kuupanda nao ni mdogo vivyo hivyo, na ardhi tupu iliyobaki baina yake na mwenziwe humtia mtu tamaa. Tamaa hiyo ikikujia, weka kiwiko chako chini, unyooshe mkono, upande penye ncha ya kidole.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Wete, Pemba