Mtoto wa Mbwa Aingiapo Nyumba Yenye Paka

Wiki hii ukurasa wa nyumbani unazungumza juu ya jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku gunia la maharagwe linapotobolewa na panya. Nalo ni jinsi ya kumpokea mtoto wa mbwa katika nyumba ambayo tayari ina paka.

Tarafa ya Cyanzarwe, katika Wilaya ya Rubavu, imo mpakani mwa Rwanda na Kongo. Wengi wa wenyeji wake ni wakulima wa viazi, mahindi na maharagwe katika udongo wa volkeno. Mavuno yakishatoka shambani, sehemu yake huwekwa ndani ya nyumba au katika kibanda cha jirani yake, na hapo ndipo paka anapoanza kazi. Hana mshahara wala zamu, lakini usiku kucha hulinda akiba ya familia. Mbwa naye hutakiwa kwa ulinzi wa ua, mbuzi na kuku, hasa katika nyumba ambayo baba ni askari jeshi au polisi na kazi yamweka mbali kwa majuma mengi. Kwa hiyo nyumba ya namna hii yawahitaji walinzi wote wawili.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Bwana hurudi likizo akiwa na mtoto wa mbwa ndani ya koti. Humtua katikati ya sebule. Watoto hushangilia, paka huruka dirishani. Baada ya siku chache bwana hurejea kambini, na bibi hubaki na kazi ambayo hakushauriwa juu yake. Mbwa humkimbiza paka kila amwonapo, paka huona heri kulala kwa jirani, na punde panya wamekwisha hamia ghalani. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Nyumba imepata mlinzi mmoja na kumpoteza mwingine.

Wapo wanaodhani kwamba mbwa na paka ni maadui wa kuzaliwa, na kwamba hakuna dawa. Sivyo. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Neta-li Feuerstein na Joseph Terkel, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya nyumba zinazofuga wanyama hao pamoja. Waliona kwamba katika nyumba nyingi walipatana. Waliona pia kwamba mapatano huwa mema zaidi paka akitangulia kuingia nyumbani, na wote wawili wakikutanishwa wangali wachanga: paka kabla ya kutimiza miezi 6, na mbwa kabla ya mwaka 1. Samaki mkunje angali mbichi. Paka mzee pia aweza kuzoea, ila atahitaji muda mrefu zaidi.

Sehemu kubwa ya ugomvi wao yatokana na lugha. Mbwa akifurahi hutikisa mkia. Paka akitikisa mkia wake huku na huku, amekasirika. Mbwa akilala chali mbele ya mwenziwe, mara nyingi amesalimu amri. Paka anayelala chali mbele ya adui yu tayari kutumia kucha za miguu yote minne. Mbwa huinua mguu wa mbele kuomba mchezo, na paka huuinua ili apige. Basi mtoto wa mbwa humwendea paka kwa furaha, hasomi onyo alilopewa, naye huambulia mkwaruzo wa pua, au wa jicho, ambao ni hatari kubwa kwake. Kazi yetu ni kuwapa nafasi ya kujifunza lugha hizo bila damu.

Tuanze na umri. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza majuma 8, kwa maana kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kupunguza nguvu ya meno.

Siku mbili tatu za kwanza wasionane kabisa. Mbwa akae katika chumba kimoja au kibanda chenye mlango, apewe gunia kuukuu la kulalia, kwani usiku wa huku una baridi. Chukueni kitambaa alichokilalia, mkiweke karibu na mahali pa paka, na cha paka mkipeleke kwa mbwa. Wanyama hawa hujuana kwa pua kabla ya macho. Paka akikinusa kitambaa na kuendelea na shughuli zake, hatua ya pili imewadia.

Katika hatua hiyo waonane kwa mbali, mbwa akiwa amefungwa kamba na ameshikwa na mtu mzima. Afadhali awe amekwisha kula na kucheza, maana mtoto wa mbwa aliyeshiba na kuchoka hana haraka. Paka aachwe huru. Msimbebe mkampeleka kwa mbwa, wala msimfungie mlango. Yeye ndiye achague kukaribia au kuondoka. Mbwa akitulia, mpeni kipande cha chakula na sifa. Akivuta kamba au akibweka, geukeni naye mkaondoke taratibu, bila kumpiga. Mbwa apigwaye kila paka atokeapo hujifunza kwamba paka ndiye chanzo cha maumivu, na chuki huzidi. Dakika 5 zatosha, mara mbili au tatu kwa siku.

Hapana budi paka awe na mahali pa juu pasipofikika: rafu, boriti, au dirisha lisilozibwa. Chakula chake pia kiwekwe juu, kwa sababu bakuli moja huzaa vita. Msiwaache wawili hao peke yao mpaka mmewaona wakipitana kwa amani kwa majuma kadhaa. Mtakapokwenda shambani, mbwa afungiwe mahali pake, wala paka asiongojewe na adui mlangoni.

Sasa neno kwa akina baba walio kazini. Ikiwa mnataka kuleta mbwa, shaurianeni kwanza na mama wa nyumba, kisha mleteni siku ya kwanza ya likizo, si siku ya mwisho, ili hatua ngumu zipite mkiwapo. Patanani pia juu ya maneno ya kumwamuru. Baba akisema “Acha!” na watoto wakisema neno lingine, mbwa hatamtii yeyote. Askari wajua vyema hasara ya amri zinazopingana.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake kwa binadamu, karibu kila mara huua. Mbwa apewe chanjo atimizapo miezi 3, na paka naye apewe, maana aweza kuupata ugonjwa huo na kuuambukiza. Mwoneni daktari wa mifugo wa tarafa, naye awape pia dawa ya minyoo. Msivushe mnyama mpakani bila vyeti vyake. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Wengi wetu hatukuzoea mbwa. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mbwa wengi waliokuwa wakizurura waliuawa, na nyumba nyingi zilikaa miaka mingi bila kumfuga mnyama huyo. Si ajabu basi kwamba mama fulani humwogopa, na paka wake vilevile. Asichekwe, bali apewe muda, kama paka apewavyo. Mtoto wa mbwa aliyefunzwa kumheshimu mkubwa wake mwenye masharubu atakuwa mlinzi wa ua, na akiba ya ghalani itabaki na mlinzi wake wa zamani.