Msikiti Umebaki, Jirani Wako Wapi?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hunijia kila nionapo mipango ya miji ikichorwa na watu wasioujua mtaa wanaoupanga. Msomaji mpendwa, tutazame yaliyoupata mtaa wa District Six, katika jiji la Cape Town, Afrika Kusini.

Mtaa ule ulikuwa karibu na bandari na katikati ya jiji. Waliishi humo Waislamu, Wakristo na Mayahudi. Mafundi, wachukuzi na wenye maduka. Waafrika weusi ndio waliotangulia kufukuzwa, mwaka 1901, kulipozuka tauni. Kisha tarehe 11 Februari 1966, serikali ya makaburu ikatangaza kuwa mtaa huo ni wa wazungu peke yao, kwa mujibu wa sheria ya 1950 iliyogawa miji kwa rangi za watu. Hadi kufikia mwaka 1982, watu zaidi ya 60,000 walikuwa wamekwisha kuhamishiwa Cape Flats, tambarare ya mchanga na upepo iliyo mbali na jiji. Nyumba zao zikabomolewa.

Wakuu walidai kuwa mtaa ni mchafu, umejaa watu na wahuni. Ni kweli nyumba nyingi zilikuwa mbovu. Lakini paa likivuja huezekwa. Hafukuzwi anayelala chini yake.

Jambo moja lanishangaza zaidi. Misikiti haikubomolewa. Ule wa Muir Street na ule wa Al-Azhar, ulioko Aspeling Street, imesimama hadi leo. Pengine wakuu walidhani kwamba wameistahi dini. Mimi nasema hawakuijua. Msikiti si kuta na mnara. Ni jirani anayesikia adhana ya alfajiri akatoka kwa miguu. Ni watoto waendao chuoni jioni. Ni sahani ya futari inayovuka kichochoro. Ni watu wa kubeba jeneza pindi msiba utokeapo. Ukiwatawanya hao, umeacha jengo. Wengi waliendelea kurudi kutoka mbali kuswali Ijumaa, pale walipokuwa wakifika kwa hatua chache.

Nayo haki imerudi kwa mwendo wa kobe. Sheria ya kurudisha ardhi ilipitishwa mwaka 1994, wazee wa kwanza wakakabidhiwa funguo za nyumba mwaka 2004. Jina la District Six, lililokuwa limebadilishwa kuwa Zonnebloem, lilirudishwa rasmi mwaka 2019. Wengi walikwisha kufa wakingoja.

Huku kwetu pwani leo hatuna sheria ya rangi kama ile, lakini wapangaji wasiotujua hawakosekani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kuwa mradi wa bandari ya Lamu ulivunja haki za wakazi, pamoja na haki ya utamaduni wao. Hapana budi basi afisa anayetumwa kupanga mtaa wetu akae barazani kabla ya kukaa mezani. Aulize watu huswali wapi, huzika wapi, huvua wapi, na nani hutegemea nani. Nasi tuitwapo mkutanoni twende tumjibu. Tukinyamaza, atapanga kwa alijualo yeye.