Mpox: mchezo wa video unaofanana na barabara za Maniema

Tarehe 5 Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza kwamba mpox si tena dharura ya afya ya kimataifa. Ilikuwa imepewa jina hilo tangu tarehe 14 Agosti 2024. Miezi miwili kabla ya tangazo hilo, mwishoni mwa Juni, kampuni ya Sony ilitoa sehemu ya pili ya Death Stranding, mchezo wa video wa Mjapani Hideo Kojima. Msomaji atauliza habari hizi mbili zinakutana wapi. Kwa mtu anayeishi Kindu, zinakutana barabarani.

Sehemu ya kwanza ya mchezo huo ilitoka tarehe 8 Novemba 2019, miezi minne kabla ya kisa cha kwanza cha Covid-19 kutangazwa Kinshasa, tarehe 10 Machi 2020. Hadithi yake ni hii: Marekani imeanguka, miji imebaki vipande vipande, watu wamejifungia chini ya ardhi na hakuna anayemtembelea mwenzake. Anayewaunganisha ni mpagazi mmoja, Sam, mtu asiyependa kuguswa, anayetembea kwa miguu na mizigo mgongoni: dawa, chakula, vifaa. Mvua ikinyesha inaharibu mzigo. Mto ukiwa na nguvu, anatafuta pa kuvukia. Na njiani wako waliokuwa wapagazi kama yeye, ambao sasa kazi yao ni kuvizia wapitao na kuwanyang'anya.

Covid ilipofika, Ulaya na Marekani watu waliuona mchezo huo kama utabiri: wao nyumbani, mlango umefungwa, wanangoja mtu alete mzigo. Kwetu ufananisho ni mwingine, kwa sababu hatukuhitaji virusi ili miji yetu ikatike. Lualaba inaigawa Kindu bila daraja. Mkaaji wa Alunguli mwenye shughuli Kasuku au Mikelenge anapanda pirogi au boti. Treni ya SNCC inakuja siku inapokuja. Chumvi, sabuni na mafuta ya mawese vinasafiri juu ya baiskeli zinazosukumwa na vijana siku nyingi katika msitu, matope hadi magotini, na kila barieri inataka kitu chake. (Vijana hao hawajacheza Death Stranding. Kwenye vyumba vya michezo vya mjini, jenereta ikiwaka, ni mpira tu.)

Mpox nayo inajua njia hizo. Kisa cha kwanza kwa binadamu duniani kilionekana kwetu Kongo mwaka 1970, kwa mtoto mchanga wa Basankusu, Equateur. Ni ndugu wa ndui, na chanjo ya ndui ilikuwa inakinga zote mbili. Mwaka 1980 ndui ilitangazwa kuwa imetokomezwa, chanjo ikaachwa, na watoto waliozaliwa baadaye wakakua bila kinga. Utafiti uliofanywa Sankuru, majirani zetu wa magharibi, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba kiwango cha maambukizi kilikuwa kimepanda karibu mara 20 kuliko miaka ya 1980. Katika Sankuru hiyo hiyo, huko Katako-Kombe, wachunguzi waliokuja mapema mwaka 1997 walilazimika kukatiza kazi kwa sababu ya vita. Mwaka 2023 nchi yetu ilihesabu visa 14,626 vilivyoshukiwa na vifo 654, wengi wakiwa watoto. Mwaka uliofuata, aina mpya ilipovuka mipaka, dunia iliita dharura.

Aina hiyo mpya ilijulikana Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini, kuanzia Septemba 2023. Kamituga ni mahali pa kupita: wachimbaji, wafanyabiashara, madereva, wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Ugonjwa ukafuata safari zao hadi Bukavu, Goma, kisha Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya.

Hapo ndipo Kojima, kwa maoni yangu, anasimulia nusu ya jambo. Kwake mpagazi huleta uhai tu. Historia ya Maniema inasema mpagazi huleta kila kitu. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Nyangwe na Kasongo, enzi za Tippu Tip, ilibeba pembe za ndovu na watumwa kuelekea pwani, ikatuletea nguo, bunduki, dini na lugha hii tunayoandika. Ndui pia ilitembea na misafara. Huwezi kufunga njia kwa ugonjwa bila kuifunga kwa chumvi, na mama wa soko anajua hivyo kabla ya daktari kumweleza.

Lakini kuna jambo moja ambalo mchezo umeliona vizuri. Ngazi, kamba au daraja analoacha mchezaji mmoja linaweza kuonekana katika mchezo wa mwingine asiyemjua kabisa, akavuka nalo. Sisi tunaita salongo. Madaraja mengi ya miti katika vijiji vyetu yamejengwa hivyo hivyo, na juu yake hupita relais wa afya anayekwenda kuangalia mtoto mwenye vipele, au muuguzi mwenye sanduku la baridi la chanjo.

Dozi za kwanza za mpox zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024; kampeni ilianza Goma tarehe 5 Oktoba, mwezi mzima baadaye. Kisha Januari 2025 Goma ikatekwa na M23, wagonjwa wa mpox wakakimbia vituo vya matibabu, na mwezi uleule Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Kusafirisha sampuli kwenda maabara ni moja ya kazi zilizoyumba, na bila sampuli kufika, ugonjwa unabaki wa kushukiwa tu, takwimu zinapungua na watu wanadhani umeisha.

Sam, kila akifikisha mzigo, hulipwa alama za kidole gumba, kama zile za Facebook. Relais wetu ni mtu wa kujitolea. Anachopata ni posho za kampeni, mfadhili akiwepo. Tangazo la Septemba halikusema virusi vimeondoka katika misitu yetu. Limesema tu kwamba dharura ya kimataifa imekwisha, na pamoja nayo huenda ikaisha pesa iliyokuwa inalipa pirogi, mafuta ya pikipiki na barafu ya sanduku. Nani atalipa sasa? Swali hilo ni la bajeti ya jimbo na ya Kinshasa, na wabunge wa Maniema wanaweza kuliuliza kikao kijacho kabla mvua hazijakata barabara tena.