Mama mwalimu anapochoka, tusilaumu tabia yake

Mama mwalimu akianza kukosa uvumilivu darasani, mara nyingi tunasema: «Ndiyo tabia yake.» Neno hilo ni jepesi kutamka, lakini linafunga mazungumzo kabla hayajaanza.

Uchovu ninaousema si ule unaoondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Mwaka 1974, mtaalamu wa saikolojia Herbert Freudenberger aliueleza huko Marekani, baada ya kuuona kwa watu waliojitolea kuhudumu katika zahanati. Mwaka 1981, Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo chake chenye sehemu tatu: moyo kuishiwa nguvu, kuwatazama watu kwa ubaridi kana kwamba ni vitu, na kuona kwamba kazi yako haina matunda.

Ni kweli, tabia ina sehemu yake. Wachunguzi wameona mara nyingi kwamba mtu mwepesi wa wasiwasi huishiwa nguvu upesi, na kwamba mchangamfu na mwenye utaratibu kwa kawaida huhimili zaidi. Lakini tabia ni chombo. Mzigo ni jambo lingine. Shirika la Afya Duniani (OMS), mwaka 2019, liliutaja uchovu huu kama jambo litokanalo na kazi, halikuuita ugonjwa.

Na mzigo wenyewe tunaujua. Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali nchini mwetu. Watoto wengi waliingia, tukafurahi. Lakini madarasa yalijaa, na wako walimu wanaofundisha bila mshahara wa Serikali. Mama huyo akirudi nyumbani, anangojewa na maji, moto, watoto, na madaftari ya kusahihisha. Kumpima kwa tabia yake peke yake ni kumwonea.

Tena kuna hatari iliyofichika. Yule mwenye bidii na huruma, asiyejua kukataa, ndiye tunayemwongezea: darasa la mwenzake mgonjwa, sikukuu ya shule, mafundisho ya Jumapili. Kwa kuwa hanung'uniki, tunadhani hachoki. Wahenga hawakukosea: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi, mkurugenzi wa shule agawe kazi kwa haki, asimwendee daima yule asiyekataa. Mume na watoto wakubwa washike kazi za nyumbani. Nasi katika chama chetu, kabla ya kumpa mama mwalimu huduma nyingine, tumwulize kwanza: «Mama, unapumzika lini?» Bwana mwenyewe aliwaita mitume wake kando wapumzike.

Tabia aliyozaliwa nayo si juu yetu kuibadili. Mzigo tuliomtwisha, huo twaweza kuupunguza.