Motokaa Mbili, Barabara Moja

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta katika habari za tarabu, za mashairi na za arusi zetu. Leo nitazungumza habari za motokaa, na asicheke mtu. Zamani kijana wa mwambao alijulikana kwa kanzu yake na namna alivyoivaa kofia. Siku hizi hutazamwa anachoendesha, na aliye mbali na kwao hutazamwa zaidi. Ikiwa kanzu ilikuwa utamaduni, sioni kwa nini gari lisiwe.

Nina mpwa wangu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kazi imemtupa Kitale mwaka wa tatu sasa. Usiku mmoja mamake alinipigia simu, sauti yote ya kulia. "Kaka, nenda ukamwone mwanao. Ataka kununua gari la mbio, na fedha ni zile za arusi." Arusi yenyewe imepangwa baada ya Ramadhani. Basi nikafunga kifurushi changu, nikapanda basi, nikashuka Kitale alfajiri nikitetemeka kwa baridi, maana mji ule uko karibu mita 1,900 juu ya bahari na mimi nilikwenda na shati la Mombasa.

Kijana akanipokea kwa heshima zote, "Shikamoo mjomba," akanipa chai, kisha akanieleza shauri lake bila ya kuficha. Motokaa alizoziona ni ndugu wa tumbo moja: Volkswagen Golf, zote za mwaka 2015, zote zilipitia bandari yetu ya Kilindini kutoka Japani. Moja ni GTI, iko Bungoma. Ya pili ni R, iko hapo hapo Kitale kwa mfanyabiashara wa mahindi. Injini zao ni za ukubwa mmoja, lita 2, silinda 4, na zote zina tabo, yaani kile kifeni kinachoisukumia injini hewa, jambo la faida sana katika nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi. Lakini GTI hutoa nguvu za farasi 220. R za Ulaya hutoa 300, na zile zilizouzwa Japani zilipunguzwa kuwa 280. GTI huvutwa na magurudumu ya mbele. R huvutwa na yote manne. Kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa, GTI huchukua kiasi cha sekunde 6 na nusu. R huchukua kiasi cha 5.

Tofauti ni sekunde moja na nusu. Bei nazo, kwa walivyomwitia, zilipishana kwa shilingi laki 9.

Nisidhaniwe kuwa mzee anayechukia kila jipya. Nilipokuwa mdogo sifa za Volkswagen ya mgongo wa kobe zilikuwa bado hazijazimika, kwa kuwa ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na tena 1962, katika tope ambalo magari makubwa yaliomba msaada wa kusukumwa. Na hii GTI ina historia ya kupendeza. Ilipotoka mwaka 1976 ilikuwa na nguvu za farasi 110 tu, na wakubwa wa kiwanda walikusudia kutengeneza 5,000 basi. Za umbo lile la kwanza peke yake ziliuzwa zaidi ya 460,000! Watu walipenda gari ambalo asubuhi lapeleka watoto shule na jioni lamchekesha baba yao. Jina la R lilikuja baadaye, kwa R32 ya mwaka 2002 iliyokuwa na silinda 6, na tangu 2009 ikarejea kwenye silinda 4 na tabo.

Tukaanza na R. Mwenyewe akatukabidhi ufunguo, akakaa nyuma. Ina bomba nne za moshi, mbili kila upande, na mngurumo wake waufanya moyo uruke. Mpwa wangu alipokanyaga mafuta njia ya Kiminini, niliutamka utukufu wa Mungu kwa sauti na kichwa changu kikashikamana na kiti. Nakiri kwamba nilifurahi. Nakiri pia kwamba furaha ile ilidumu kwa muda wa kuhesabu hadi sita, kisha likatokea tuta, kisha mama na ng'ombe wake wawili, kisha bodaboda iliyobeba kitanda. Katikati ya mji sheria ni kilomita 50 kwa saa, na miji midogo ya njia ile imefuatana kama shanga. Zile farasi 280 zilitembea kwa miguu pamoja na wapita njia.

Siku ya pili, Ijumaa, tukateremka Bungoma kwa matatu. Ni zaidi ya kilomita 80: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, hadi Webuye, ndipo ukunje kulia uifuate njia kuu ya malori yaendayo Malaba. Nilimwambia kijana ahesabu ni mahali pangapi angeweza kulipita gari la mbele kwa usalama. Alianza kwa kicheko. Tulipofika upande wa Bukembe, nyuma ya trekta iliyokokota matela ya miwa, hakuwa akicheka tena. Hesabu yake ilikuwa saba, na katika hizo saba, akasema mwenyewe, GTI ingetosha zote.

Baada ya sala tukaiona GTI. Ina ule mstari mwekundu puani, na viti vya kitambaa cha mirabaraba kama saruni, nikajihisi niko kwetu. Ni nyepesi kuliko R kwa kiasi cha kilo 100, na sanduku la mizigo ni kubwa zaidi, lita 380 kwa 343, kwa kuwa mitambo ya kuvuta magurudumu ya nyuma haikuchukua nafasi. Usukani wake u hai mkononi. Ilinipendeza kwamba kwa mwendo wa kawaida, mwendo wa mtu mwenye mamake ndani ya gari, yasisimua. R yataka mwendo wa kukamatwa na polisi ndipo ianze kuzungumza.

Kijana akaleta hoja yake kubwa: "Mjomba, hapa kwanyesha. Tope la Trans Nzoia hulijui." Kweli, silijui. Na nampa haki yake. Juu ya udongo uliolowa GTI husaga tairi za mbele, na R hujiendea. Anayekaa upande wa Mlima Elgon na kupita barabara za udongo kila siku ana sababu ya kuisikiliza R. Lakini magurudumu manne kuvuta si gari kuwa refu. GTI imeshushwa milimita 15 chini ya Golf ya kawaida. R imeshushwa 20. Itavuta vyema mpaka jiwe litakapolipiga tumbo. Tena ule mtambo wa nyuma una mafuta yake ya kubadilishwa, juu ya mafuta ya giaboksi ambayo motokaa zote mbili huyadai kila kilomita 60,000. Fundi wa kuyajua hayo hapatikani kila kona.

Lamu, wakati wa Maulidi, mashua za mashindano hufungwa tanga kubwa, na mabaharia hujining'iniza juu ya ubao nje ya mashua ili isipinduke. Ni jambo zuri kulitazama. Sijaona nahodha atokaye na vazi lile kwenda kuchukua boriti.

Sasa lile lililonitoa Mombasa. Fedha za GTI alikuwa nazo kwa akiba, na za arusi zingebaki. Kwa R, angekula za arusi, kisha akope benki kwa riba. Nilimkumbusha kwamba tangu mwaka 2008 zimefunguliwa nchini benki zinazofuata sharia, na kwamba katika murabaha benki huinunua motokaa kwanza, kisha humuuzia kwa bei na faida iliyotajwa wazi, alipe kidogo kidogo. Akafurahi, akidhani nimemfungulia mlango. Nikamwambia hasha! Hiyo imemwondolea riba, haikumwondolea deni. Bwana arusi atakayeingia nyumbani kwake na deni la sekunde moja na nusu, atamweleza nini mkewe mwisho wa mwezi?

Hakunijibu. Nilirudi Mombasa Jumapili bila ya kujua ameamua nini, na dada yangu akanilaumu kwa hilo.

Wiki mbili baadaye akapiga simu. Ameichukua GTI, baada ya fundi kuikagua giaboksi na yeye kuhakikisha jina la mwenye gari katika daftari la serikali. Mahari iko salama. Lakini ile R bado haijapata mnunuzi, na kila jioni atokapo kazini hupita njia ile ingawa si njia yake, akapunguza mwendo.