Daladala moja, halmashauri nne, na hakuna wa kumuuliza

Makamanda, tuache kuizungumzia foleni ya Dar es Salaam kama tunavyozungumzia mvua. Mvua hainyeshi kwa uamuzi wa mtu. Lakini nyomi la kituoni, konda anayekatisha ruti na barabara isiyosogea ni matokeo ya maamuzi, na walioamua wana ofisi na mishahara inayotoka kwenye kodi zetu. Ishu ni kwamba ukitaka kumjua ni nani hasa wa kuulizwa, humpati.

Chukua mtu anayetoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Mwenge kwa kupita Mandela. Anapandia Temeke. Buguruni na Tabata anazipita akiwa Ilala. Ubungo ni manispaa nyingine. Mwenge anashukia Kinondoni. Halmashauri nne, zote zina madiwani na meya, na hakuna hata moja yenye mamlaka juu ya safari yake. Njia ya daladala na nauli ni mambo ya LATRA, chini ya wizara ya uchukuzi. Barabara ya Mandela ni ya TANROADS, chini ya wizara ya ujenzi. Barabara ya mtaani kwake ni ya TARURA. Mwendokasi ni wa DART. Trafiki anayewazuia nusu saa Tazara ni wa Mambo ya Ndani. Wakuu wa taasisi hizi zote wanateuliwa. Hatukuwapigia kura na hatuna kura ya kuwatoa.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Mji wa watu wote hao hauna chombo kimoja cha kuchaguliwa kinachouangalia kuanzia Mbagala mpaka Bunju. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Ilala ikapandishwa kuwa jiji, wilaya nyingine zikabaki na halmashauri zake. Ile halmashauri ya zamani ilikuwa na mapungufu, sikatai. Lakini wazo lenyewe la mwendokasi lilizaliwa humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu kilikuwa chombo kilichoweza kuutazama mji mzima. Badala ya kukipa meno, wakakifuta.

Matokeo tunayaona. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, Kimara mpaka Kivukoni, watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila mradi uliopangiwa mabasi 305 ulianza na mabasi 140. Karakana ikajengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi ambalo kila mkazi wa mji huu anajua linajaa maji. Mbagala, vituo vilikamilika vikakaa vitupu muda mrefu, wananchi wamebanana kwenye daladala wakivitazama dirishani. Nani aliwajibika? Mkurugenzi anahamishwa, anakuja mwingine, waziri anafanya ziara ya kushtukiza na kamera, kesho yake foleni ya abiria iko palepale.

Kwenye daladala nako tunawalaumu watu wasiostahili lawama yote. Dereva na konda wengi wanafanya kazi kwa hesabu: jioni lazima wampelekee tajiri kiasi fulani, kinachobaki ndiyo chao. Kwa mfumo huo, denti wa nauli ya 200 ni hasara, kumalizia ruti ambayo mbele hakuna abiria ni hasara, kusubiri taa ni hasara. Halafu tunashangaa mtoto wa shule anaachwa kituoni, au mama analipa nauli mbili kwa kugeuza na gari ili tu apate siti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Muulize konda yeyote kama ameshaiona hiyo karatasi. Faini za kukatisha ruti zipo, lakini faini haimalizi tatizo kama hesabu ya tajiri inabaki ileile.

Wenye kuamua haya hawasimami kituoni. Wao wakipita kuna ving'ora, barabara inafungwa, na sisi tunangoja msafara uishe ndipo twende tukakatwe mshahara kwa kuchelewa kazini.

Tukija upande wetu, tusijibu kwa kuahidi flyover nyingine. Mfugale pale Tazara ilifunguliwa 2018, Kijazi pale Ubungo 2021. Zimesaidia magari kuvuka makutano, ni kweli. Lakini abiria aliyekosa gari kituoni hasaidiwi na daraja. Ahadi yetu iwe juu ya nani anaamua na anawajibika kwa nani.

Nasoma sheria, kwa hiyo nielekeze tunapoweza kushika. Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinaweka serikali za mitaa ili madaraka yaende kwa wananchi. Diwani asiyeweza hata kuhoji njia ya daladala ya kata yake amepewa madaraka gani? Ibara ya 18 inatupa haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia nafasi ya kuandika barua kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30.

Basi tuitumie. Kila tawi la vijana Dar liandike barua moja. Iwaulize DART: mabasi mangapi yapo, mangapi yanatembea leo, mangapi yameegeshwa na kwa nini. Iwaulize LATRA: ruti zipi zina upungufu wa magari, na madereva wangapi wana mikataba. Wakijibu, tuna namba za kwenda nazo kwenye mikutano ya hadhara. Wakikaa kimya, tuna ushahidi wa ukimya wao, nao una tarehe na muhuri wa kupokelewa.

Na kila mgombea atakayekuja kutuomba kura Dar, awe wa kwetu au wa kwao, aulizwe swali moja: uko tayari kurudisha chombo cha mji mzima, kinachochaguliwa na wananchi, chenye bajeti na mamlaka juu ya usafiri? Asiyejibu, tumwambie apande gari la Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi, akitafakari jibu akiwa amesimama.